Mlo wa jioni bila unga wawezekana

Bei ya pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipopita Sh200 mwaka wa 2022, familia nyingi za Kibera na Kawangware zililazimika kukabili swali ambalo Mkenya hupenda kulikwepa: je, bila ugali kuna mlo?

Upo, tena hauli makaa mengi. Viazi vitamu vikimenywa na kukatwa vipande vidogo huiva kwa takriban dakika 15. Vitoe, kisha kaanga kitunguu na omena zilizooshwa kwa maji moto hadi zikauke. Tia nyanya, halafu sukuma wiki au mchicha, kwa dakika tano tu. Mboga huoshwa kabla ya kukatwa. Zikikatwa kwanza, vitamini C huenda na maji. Vitamini hiyo ndiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Managu, kwa uchungu wake, huhitaji muda zaidi.

Tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kilimo cha mboga kwenye magunia kimeenea Kibera. Anayepanda mlangoni ahakikishe udongo na maji havitoki kwenye mitaro ya majitaka.