Simtanki la Jiji

Panda ghorofani popote Dar es Salaam, uangalie chini: kila paa la mwenye uwezo lina simtanki. Asiye na uwezo ana madumu. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua hadi jiji likaingia kwenye mgao wa maji, ilionekana wazi nani ana akiba na nani hana. Mwenye lita elfu tano darini alioga kama kawaida. Mwenye madumu mawili alikesha akisubiri boza.

Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, ni simtanki la wote. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa mwaka huohuo, kwa gharama inayozidi shilingi bilioni 300, fedha za serikali yenyewe.

Bwawa haliongezi hata tone la mvua. Kinachofanyika ni kuhamisha maji kutoka msimu mmoja kwenda mwingine. Masika Ruvu hufurika na maji yakakimbilia Bahari ya Hindi. Kiangazi kikikaza, mto hunywea. Kidunda litayazuia ya masika, kisha liyaachie kidogo kidogo wakati wa ukame. Wala hayatahitaji bomba kutoka bwawani: yatateremka na mto wenyewe hadi kwenye mitambo inayolisha jiji, Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo.

Tupige hesabu. Bwawa limesanifiwa kubeba lita bilioni 190. Ruvu Juu ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini milioni 270. Jumla milioni 466. Ukigawanya unapata siku 400 na ushei. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Jua litakausha sehemu, maji ya chini kabisa hayatolewi, wakulima na wafugaji wa bondeni wanategemea mto huohuo, na mto nao lazima ubaki hai. Hata ikisalia nusu, kiangazi kibaya kinavukika.

Kwa nini kodi ibebe mzigo huu? Mwenye boza hurudisha pesa yake jioni. Bwawa hula pesa miaka mingi kabla ya kuuza ndoo ya kwanza, na faida yake kubwa huonekana mwaka wa ukame, ambao hakuna ajuaye utakuja lini. Gharama yote ikitupiwa kwenye ankara, wa kwanza kuumia ni yuleyule wa madumu.

Ila simtanki lisilotunzwa hujaa tope. Ruvu huanzia Milima ya Uluguru, na miteremko yake mikali inalimwa. Udongo unaosombwa na mvua utatua bwawani na kukaa mahali pa maji, na kuuchota ni kazi ghali mno. Kwa hiyo matuta ya kuzuia mmomonyoko na miti ya Uluguru ni sehemu ya bwawa sawasawa na zege lake, na yanastahili fungu katika bajeti ya kila mwaka, hata baada ya utepe kukatwa.

Fungu jingine liende mtaani kwetu, kwenye mabomba yanayomwaga maji barabarani usiku kucha. Nyumbani, kabla ya kununua simtanki la pili, mtu hukaza koki kwanza.