Gari yako imegongwa ikiwa imesimama na mwenye kugonga amekimbia: ufanye nini?

Tuchukue mfano ambao wakaaji wengi wa Baraka wanaujua. Baba mmoja anaacha gari yake pembeni ya barabara, anaingia sokoni kununua unga na ndakala. Kurudi kwake, taa ya nyuma imevunjika na mlango umeingia ndani. Watu wanamwambia: « Ni Fuso moja, imepanda kuelekea Fizi. » Numero ya plake? Hakuna aliyeishika.

Wengi wanasikitika, wanasema « ni bahati mbaya », kisha wanatafuta feza ya fundi. Lakini gari iko ndiyo shamba la mwenye nayo. Ikilala garaji wiki mbili, watoto wanaweza kufukuzwa masomo juu ya minerval. Kwa hiyo ni vizuri kujua sheria inasema nini.

Sheria iko upande wa nani?

Kode ya barabara ya inchi yetu ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Inaomba kila shofere aliyeingia katika aksida asimame na ajitambulishe. Kukimbia ili asijulikane ni kosa lake la pekee, mbali na kosa la kugonga. Hata kama ni taa tu iliyovunjika, kukimbia kunabaki kosa.

Tena, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha kode sivili, kinachotoka katika dekreti ya mwaka 1888, kinasema kwa ufupi hivi: mwenye kumharibia mwingine kwa kosa lake, analipa. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba bosi anajibu kwa makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini. Kwa hiyo mwenye lori akikuambia « mutafute shofere, mimi sikuwako », usikubali haraka. Kama shofere alikuwa katika kazi yake, bosi naye anahusika.

Dakika za kwanza

Usisogeze gari kabla ya kupiga picha, ila kama inafunga njia. Piga picha ya mbali inayoonyesha gari na barabara, kisha ya karibu: fasi iliyogongwa, vipande vya taa, rangi ya gari ingine iliyobakia, alama za mipira. Usifagie vile vipande. Kipande cha taa ya Fuso kinaweza kusema kuliko shahidi.

Uliza watu palepale: mama wanaouza pembeni ya barabara, vijana wa motari, mlinzi wa depo. Andika majina na numero zao za simu. Saa mbili kisha, kila mtu atakuwa amerudi kwake. Kama mtu anakumbuka nusu ya plake, rangi ya turubai ao maneno yaliyoandikwa juu ya kioo, andika pia.

Hapa kwetu kuna jambo moja linasaidia. Lori inayotoka Uvira inapita Mboko, Baraka, inapanda Fizi mpaka Lulimba na Misisi. Haina njia nyingi za kujificha. Ukiwa na ndugu mbele, mpigie simu aangalie plake na saa gari ilipita, kisha wewe upeleke habari ile ku polisi. Lakini asiweke majiti barabarani, wala asiite vijana waizuie kwa nguvu.

Kwa polisi

Enda siku ileile kwa polisi wa rulaje, ndio PCR, ao kwa OPJ aliye karibu. Omba waje kuona fasi ya aksida na waandike PV. Kama shofere hajulikani, unaweza kuweka mashitaka juu ya mtu asiyejulikana. Jina likipatikana kesho, faili itakuwa imekwisha kufunguliwa. Shika numero ya faili na jina la mwenye kuandika. Ukiombwa feza, uliza ni ya nini na uombe karatasi ya malipo, juu faini ya serikali inakuwa na karatasi yake.

Jua pia kwamba faini inaingia kwa serikali, haitengenezi mlango wako. Feza ya kutengeneza unaiomba kwa mapatano, kwa asiransi, ao mbele ya tribinali, ambako unaweza kujiunga na kesi kama mtu aliyeharibiwa mali. Kwa hiyo omba fundi akuandikie devi: kila pyese na bei yake, na bei ya kazi.

Asiransi inalipa nini?

Tangu sheria ya mwaka 1973, kila gari inayotembea inapaswa kuwa na asiransi ya kulipa watu wengine inaowaharibia. Zamani ni SONAS peke yake iliyoiuza. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungulia kampuni zingine mlango. Mwenye kugonga akijulikana, ni asiransi yake inayopaswa kukulipa. Asipojulikana, asiransi yako ya kawaida haitengenezi gari yako mwenyewe, ila kama mkataba wako unafunika hasara za aina hiyo. Soma mkataba wako, na upashe kampuni habari haraka.

Kupatana bila kudanganyana

Kesi nyingi zinaishia mbele ya shefu wa avenyu ao wazee. Si vibaya. Lakini maneno ya mdomo yanasahaulika. Andikeni: tarehe, plake, hasara, feza ngapi, italipwa lini, na mashahidi wa pande zote waweke sinyatire. Usitie sinyatire kwamba umelipwa yote kabla fundi hajafungua mlango ule. Mara nyingi hasara kubwa iko ndani.

Kwa nini wanakimbia?

Wako wenye kukimbia juu hawana permis wala asiransi. Wengine wanaogopa kupigwa, ao gari yao kuchomwa. Woga huo una sababu, na sisi raia tunausababisha. Mahali kundi la watu linapiga shofere, shofere wa kesho hatasimama. Shofere anayeona hatari aende moja kwa moja ku polisi ya karibu na ajitambulishe pale. Asipitilize mpaka Misisi.

Na wewe mwenye kupaki: toa gari yako barabarani kabisa, na kama imekufa njiani, weka alama mbele na nyuma, hasa usiku. Ukiiacha katikati ya njia bila alama, hakimu anaweza kusema kosa ni la wote wawili, na sehemu ya hasara itabaki kwako.