Rafu za Falsafa katika Maktaba ya Chuo Kikuu

Mkusanyo wa falsafa katika maktaba ya chuo kikuu ni jumla ya vitabu, majarida, tasnifu na kanda za sauti ambazo mkutubi amezichagua kwa makusudi ili msomaji aweze kuifuata hoja tangu ilipoanzia hadi ilipopingwa, na kwa sababu hiyo haujengwi kama ule wa tiba au uhandisi, ambako chapa mpya ikitoka ile ya zamani huondolewa rafuni. Aristotle alifariki mwaka 322 kabla ya Kristo, lakini bado anasomwa na kubishiwa, na mkutubi anayepunguza vitabu kwa kutazama mwaka wa kuchapwa peke yake atang'oa mazao akidhani anapalilia.

Swali la kwanza basi si vitabu vingapi, bali ni chapa ipi. Mwaka 1578 mchapaji Mfaransa Henri Estienne, anayejulikana kwa jina la Kilatini la Stephanus, alitoa kazi za Plato huko Geneva, na kila ukurasa wa chapa yake uligawanywa katika sehemu zenye herufi kuanzia a hadi e. Tangu hapo wanazuoni hutaja maneno ya Plato kwa kurasa hizo, hata wanaposoma tafsiri iliyotoka jana, hivyo kwamba mfano mashuhuri wa watu waliofungwa pangoni, uliomo katika kitabu cha Jamhuri, unaanzia 514a popote ulimwenguni. Kwa Aristotle kazi hiyo inafanywa na kurasa za chapa ya Immanuel Bekker iliyotoka Berlin mwaka 1831. Mwanafunzi aliyepewa nakala ya bei nafuu isiyo na namba hizo pambizoni akiambiwa asome kuanzia 514a hana pa kushika: kitabu anacho mkononi, lakini hawezi kukutana na mwalimu wake wala na wasomi wengine katika mstari mmoja. Nakala kumi za namna hiyo hazifikii thamani ya moja iliyohaririwa vizuri.

Uainishaji, yaani utaratibu wa kukipa kila kitabu namba inayoonyesha mahali pake rafuni, nao unabeba uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Katika mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, falsafa imo katika namba za 100. Ujerumani, Ufaransa na Uingereza zina namba zao, ilhali falsafa ya Afrika imetiwa katika 199, namba ya mwisho ya fungu hilo, pamoja na nchi nyingine ambazo hazikutengewa mahali pao. Tena, vitabu vinavyohusika hutawanyika. Kitabu cha John Mbiti cha mwaka 1969, ambacho kinatumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza jinsi Waafrika wanavyouelewa wakati, kwa kawaida huwekwa katika dini; insha za Julius Nyerere kuhusu Ujamaa hukaa katika siasa; na Al-Inkishafi, utenzi unaotafakari kupita kwa dunia mbele ya magofu ya Pate, hupatikana katika fasihi. Mkutubi hawezi kuuvunja mfumo unaotumika duniani kote, lakini katika katalogi, ambayo ndiyo orodha ya vyote vilivyomo, anaweza kuviongezea vitabu hivyo mada ya falsafa, ili anayetafuta avione pamoja hata kama rafu zimevitenga.

Fedha zikiwa chache, na mara nyingi huwa chache, ni afadhali kununua mjadala mzima kuliko majina makubwa yaliyosimama peke yake. Placide Tempels, padri wa Kibelgiji aliyeishi Kongo, alitoa mwaka 1945 kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Alexis Kagame wa Rwanda akaliendea jambo hilo kwa njia ya lugha mwaka 1956, akionyesha kwamba Kinyarwanda kinavigawa vyote vilivyopo katika mafungu manne ya umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, ambayo msomaji wa Kiswahili atayatambua mara moja katika mtu, kitu, mahali na namna. Kisha Paulin Hountondji wa Benin akapinga vikali, akisema kwamba mawazo yanayodaiwa kuwa ya kabila zima bila mtu anayeyatetea hayajawa falsafa. Maktaba yenye Tempels bila Hountondji inamsikilizisha mwanafunzi kesi ya upande mmoja.

Yapo pia yasiyouzwa. Euphrase Kezilahabi, anayejulikana zaidi kwa riwaya na mashairi, aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985. Kazi za aina hii hazimo katika orodha za wachapishaji, kwa hiyo ni lazima mkutubi aandike barua na kuziomba. Ugumu unazidi kwa hekima ambayo haikuandikwa kabisa. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wazee wa vijijini Kenya, miongoni mwao Paul Mbuya Akoko, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 alisisitiza kwamba kila mmoja wao alifikiri kwa akili yake, hata kuzikosoa mila za watu wake. Maktaba inayopokea kanda za mahojiano ya namna hiyo inapaswa kupata ruhusa ya wahusika au familia zao, kuhifadhi maneno katika lugha yaliyosemwa pamoja na tafsiri, na inapofikia kujaza nafasi ya mwandishi katika katalogi, kuandika hapo jina la mzee mwenyewe.