Kumsaidia Mtu Aliyekatika Pumzi

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu walisongamana kwenye ibada, na 20 miongoni mwao wakafariki. Twautaja msiba huo kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wengi hawalifikiri: mtu aliyebanwa katika msongamano aweza kukatika pumzi asiwe na jeraha lo lote, maana kifua chake hakipati nafasi ya kupanuka. Aliye karibu naye ndiye awezaye kumfaa kwanza.

Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika kwa muda wa dakika nne hivi. Hospitali tunazo: Kibosho, Kilema, Machame, na mjini Mawenzi na KCMC, ambayo ilifunguliwa mwaka 1971. Lakini aishiye katika kihamba cha juu, wakati wa masika, njia zikiwa utelezi mtupu, hawezi kufikishwa hata mojapo kwa dakika nne. Basi yapasa jirani ajue la kufanya.

Ukimkuta mtu amelala kimya, mwite kwa sauti na kumtikisa bega. Asipoitika, inua kidevu chake, uangalie kama kifua chapanda na kushuka, kwa muda usiozidi sekunde kumi. Wala usidanganyike na pumzi za kukoroma zijazo mara moja moja. Hizo si kupumua. Mtume mtu akatafute gari na kupiga simu, nawe uanze papo hapo.

Mlaze chali juu ya ardhi ngumu, si kitandani. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, na mkono wa pili juu yake. Nyosha viwiko, ukandamize kwa uzito wa mwili wako, kifua kishuke sentimeta tano, kisizidi sita. Kisha kiache kiinuke chote. Fanya hivyo mara 100 hata 120 kwa dakika. Kila baada ya mara 30 inamisha kichwa chake nyuma, mzibe pua, umpulizie pumzi mbili kinywani. Asiyeweza kupuliza na akandamize tu bila kuacha. Kazi hii huchosha upesi kuliko kulima, kwa hiyo pokezaneni kila dakika mbili.

Mtoto aliyetolewa katika mfereji au bwawani ana shida nyingine: amekosa hewa kwanza, ndipo moyo ukasimama. Yeye apewe pumzi tano kabla ya kukandamizwa. Tumewaona watu wenye nia njema wakimning'iniza mtoto miguu juu ili maji yatoke. Desturi hiyo iachwe. Haimpi hewa, nayo yapoteza dakika zile nne.

Huenda wazee waliosoma vitabu vya zamani wakashangaa, kwa kuwa humo mgonjwa hulazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongoni. Hiyo ni njia ya mwalimu Schafer wa Uingereza, ya mwaka 1903, nayo ilitumika miaka mingi. Karibu na mwaka 1960 wataalamu wa Baltimore, Marekani, akina Safar na Kouwenhoven, walidhihirisha ya kwamba pumzi ya kinywa na kukandamiza kifua hufaa zaidi. Mwaka huo huo Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea huko Norway, alitoa mwanasesere mkubwa wa kujifunzia. Asiye na mwanasesere na ajizoeze juu ya mto mgumu. Asijaribu kamwe kifuani pa mtu mzima wa afya.

Wanaotaka kufundishwa wanaweza kukiuliza Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichowekwa kwa sheria mwaka 1962. Twawashauri viongozi wa vijiji, walimu, na waendesha bodaboda watangulie, kwa kuwa hao ndio hukuta ajali kwanza. Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114.

Limebaki neno moja juu ya mbege. Mtu aliyelewa hata haamki, lakini apumua vizuri, asikandamizwe kifua, wala asiachwe chali akakabwa na matapishi yake. Mgeuzeni ubavu, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo na kinywa kielekee chini, na mtu mmoja akeshe naye akimtazama pumzi.