Fahamu: Mtoto mchanga akipaliwa, fanya hivi

Punje ya karanga, sarafu au kipande cha muwa huweza kuziba njia ya hewa ya mtoto kufumba na kufumbua. Anayekohoa kwa nguvu au kulia bado anapata hewa, mwache akohoe. Wa kuhofia ni yule aliyenyamaza ghafla, midomo ikianza kubadilika rangi.

Oktoba 2025, Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo mpya. Aliye chini ya mwaka 1 hulazwa kifudifudi juu ya mkono, taya ikiwa imeshikwa na kichwa kikiwa chini kuliko kifua, kisha hupigwa mara 5 katikati ya mabega. Asipopata nafuu hugeuzwa chali na kubonyezwa kifua mara 5 kwa kitako cha kiganja, si kwa vidole viwili kama zamani. Hurudiwa hivyo hadi kitu kitoke. Akizimia, ufufuaji uanze mara moja huku msaada ukiitwa.

Tumbo lake lisibonyezwe kabisa, maana ini laweza kuumia. Na ile tabia ya kuchokora koo kwa kidole bila kuona kilichokwama ikome, kwani hukisukuma ndani zaidi.

Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza Kenya na Tanzania. Ukienda, nenda na dada wa kazi. Mara nyingi yeye ndiye anayebaki na mtoto.