Draft ya Fantasy: Mko wanane, Haaland ni mmoja

Ukitangaza kijiweni kwetu kwamba Jumamosi kuna draft, wazee wanaanza kupanga vizibo vya soda. Siyo drafti hiyo. Hii ni Fantasy Premier League ile ile mnayoijua, ila humu kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu ndani ya ligi yenu. Jirani yako akimwahi Erling Haaland, imekula kwako.

Kwenye Fantasy ya kawaida unapewa pauni milioni 100, na kila mtu anaweza kuwa na Haaland na kumpa unahodha. Kwenye draft hakuna bajeti wala nahodha. Kuna zamu tu. Mkiwa wanane, uchaguzi unakwenda hadi wa nane, kisha unageuka kurudi. Aliyeanza hagusi tena mchezaji hadi chaguo la 16, halafu analipata na la 17 hapo hapo. Wa nane anabeba la nane na la tisa kwa mpigo. Kwa hiyo wanaolia kwenye grupu kwamba wamepangwa mwisho, waacheni walie, hawajaonewa.

Kazi kubwa ni hesabu, na wengi hawaipigi. Kila kikosi kina watu 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Watu wanane wanahitaji washambuliaji 24. Ligi ina klabu 20, na nyingi zinaanza na straika mmoja. Maana yake kuna mtu kati yenu atabaki na straika wa kukaa benchi mwezi mzima. Usiwe wewe. Chukua wawili wa uhakika mapema.

Kipa anaweza kusubiri raundi za mwisho kabisa. Mnahitaji 16 tu, wanaoanza wako 20, na pointi zao hazipishani sana. Kuhusu viungo, tafuta wale wanaocheza kama washambuliaji. Bao la kiungo lina pointi tano, la straika nne. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alihesabiwa kiungo, na alifunga mabao 29 na kutoa asisti 18, akamaliza na pointi 344.

Na siku yenyewe uwepo, bando liwe limejaa. Ukichelewa mtambo unakuchagulia, na mtambo haujui nani kaumia goti jana mazoezini.

Haya nayasema kwa sababu yalinikuta. Agosti 2023 tuliwekeana mbuzi: wa mwisho ananunua, wengine wanakula. Mimi na mapenzi yangu nikajaza watu wa Arsenal, kipa nikamchukua raundi ya tatu. Ilipofika Oktoba nilikuwa mkiani.

Lakini draft ina huruma yake. Kila wiki mnaweza kuomba wachezaji wasio na mwenyewe, na wa mkiani anasikilizwa kwanza. Cole Palmer alihamia Chelsea Septemba 1, sisi tulishamaliza kuchagua, hakuna aliyekuwa naye. Oktoba 7 akafunga penalti dhidi ya Burnley, bao lake la kwanza la ligi. Nikasema huyu ni wangu. Ligi ikasimama kupisha mechi za timu za taifa, nami nikajipa muda, maana kumpata Palmer kulimaanisha kumwacha kijana mmoja wa Arsenal.

Nilichosahau ni kwamba maombi hufungwa saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa kupanga kikosi. Kikosi kilikuwa kinafungwa Jumamosi saa 7 mchana. Mimi nimefungua programu Ijumaa jioni, nimetulia kabisa, nakuta Palmer ana mwenyewe. Jamaa aliyekuwa juu yangu kwa nafasi moja alishamwomba tangu katikati ya wiki. Kesho yake Palmer akaifunga penalti Arsenal hiyo hiyo niliyokuwa naionea huruma, ikaisha 2-2.

Aprili 15, 2024 aliipiga Everton mabao manne peke yake. Msimu ukaisha ana mabao 22 na asisti 11. Jamaa alipanda hadi nafasi ya pili.

Mbuzi tulimla mwishoni mwa Mei. Nilimnunua mimi, mkaa pia mimi, na jamaa alikuja amevaa jezi ya Chelsea wakati ni shabiki wa Manchester United.