Wakimtaka Mwanao kwa Mpira, Waulize Kuhusu Darasa

Mwaka wa masomo ukikaribia kwisha, wageni huanza kuonekana kando ya viwanja vyetu vya Nairobi. Utawakuta Riruta Stadium huku Kawangware, utawakuta Kamukunji kule Kibera, wamesimama karibu na kibendera cha kona na daftari mkononi. Ni walimu wa michezo wa shule za bweni, wengine wamesafiri usiku kucha kutoka Magharibi mwa Kenya. Wanasaka kipa mrefu, winga mwenye kasi, beki asiyeogopa. Mimi hufundisha hisabati mchana na kunoa vijana jioni, kwa hivyo wazazi hunijia mimi.

"Mwalimu, wamesema mwanangu hatalipa hata shilingi," mama mmoja anayeuza nguo Toi Market aliniambia.

"Wamesema, mama, ama wameandika?"

Hapo ndipo mazungumzo huanza. Karo ni sehemu moja tu ya gharama. Kuna sare, godoro, sanduku, na nauli kila shule inapofunga na kufungua. Tena kuna goti. Kijana akiumia goti mwaka wa pili, basari inabaki au inakwisha? Na mwalimu aliyetoa ahadi kwa mdomo akihamishwa, nani atakayeikumbuka? Mimi nataka barua yenye mhuri wa shule na sahihi ya mwalimu mkuu, basi.

Kisha nauliza kuhusu muhula wa pili, na hapa siwaachii wageni upesi. Soka ya shule za sekondari Kenya huchezwa muhula huo: kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa, na wanaofuzu huendelea na mashindano ya Afrika Mashariki mwezi wa Agosti. Kwa mtahiniwa wa Kidato cha Nne, mtihani wa KCSE unakuwa umeshabisha hodi. Nani huwafundisha wachezaji yale yaliyowapita? Shule iliyojipanga hunitajia mwalimu wa kemia na saa anazokaa nao. Nyingine hunionyesha picha za makombe. Naomba pia alama za wachezaji waliomaliza, wala si wastani wa shule nzima, kwa sababu shule inaweza kung'ara huku timu yake ikianguka. Anayetaka kuingia moja kwa moja kwenye shahada anahitaji C+ katika KCSE. Timu haiwezi kumpa.

Tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ya mtaala mpya imeongeza uamuzi mwingine: mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi ya jamii, au wa sanaa na sayansi ya michezo. Wazazi wengi hudhani mtoto wa mpira lazima aende huo wa mwisho. Sikubaliani nao. Mkondo wa michezo una vitabu na mitihani yake, si saa za ziada za kupiga mpira, na kijana anayependa sayansi asinyang'anywe sayansi kwa sababu anafunga mabao.

Vijana wangu hunitajia Dennis Oliech, na wana haki. Alitokea Dagoretti Santos, timu ya hapa hapa, akapitia Mathare United, akaenda Qatar mwaka 2003 na Nantes ya Ufaransa mwaka 2005. Mguu ulimfungulia njia. Nami huwatajia Michael Olunga wa Upper Hill School, aliyesomea uhandisi katika Technical University of Kenya huku akiichezea Gor Mahia. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani kwa mabao 28. Masomo hayakumpunguzia bao hata moja.

Kwa wasichana, Kibera ina mfano ninaouheshimu kuliko yote. Abdul Kassim alianzisha timu ya wasichana mwaka 2002. Wachezaji walikuwepo, lakini wengi hawakuwa na karo ya sekondari. Mwaka 2006 timu hiyo ikazaa shule, Kibera Girls Soccer Academy. Pale mpira ndio uliokwenda kutafuta darasa.

Wapo pia wanaoota vyuo vya Marekani, njia ambayo wanariadha wetu wameipitia tangu miaka ya 1970. Huko NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hukagua masomo kwanza. Kwa daraja lake la juu kinadai masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani usiopungua 2.3, na kumbukumbu kinazotaka huanzia mwaka wa tisa wa shule. Video ya mabao haijazi pengo hilo. Kwa hivyo nawasihi wazazi watunze ripoti ya kila muhula kuanzia sasa. Nyumba zetu za mabati zikishika moto, karatasi haziponi. Nileteeni nakala moja niiweke shuleni, na nyingine mpige picha mjitumie kwa simu.